Kujifua Kariakoo, Kwenda Butiama

Dar es Salaam haina mlima. Mji umejilaza usawa wa bahari, na hata maji ya mvua hukosa mteremko wa kuyaondoa, ndiyo maana masika ikichachamaa Jangwani hujaa maji na abiria wa Magomeni wakakwama ng'ambo. Kwa mtu anayejifua kwa safari ya baiskeli hadi Butiama, ubapa huu ni mkosi. Barabara ya kwenda kanda ya ziwa huanza kwa upole: Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Morogoro. Ukishavuka Dumila inabadilika tabia. Inakwea Gairo, inafika Dodoma iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, inazama Bahi, kisha inaparamia ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni na kuendelea hadi Singida, kwenye mita 1,500 hivi. Mbele ya hapo, sehemu kubwa ya ulichokipanda kwa jasho inakimwaga kwa mkupuo mmoja pale Sekenke. Mwenzangu wa Moshi au Lushoto akitaka kilima cha mazoezi anafungua mlango tu. Mimi wa Mtaa wa Likoma inabidi nikitafute.

Msafara wenyewe unaitwa Twende Butiama. Ulianza 2019, mwaka wa 20 tangu Mwalimu Nyerere afariki, na waendeshaji wake huondoka Dar es Salaam wakaenda hadi kijijini alikozaliwa na alikozikwa. Njiani hupanda miti, hukabidhi madawati shuleni, na hupitisha huduma za afya vijijini. Nchini una wenzake: tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi, ambapo wengine hupanda Kilimanjaro kwa miguu na wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Mimi niliipenda ya Butiama kwa urefu wake, na kwa ajili ya yule mzee, aliyejua maana ya kwenda mbali bila gari. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, zaidi ya kilomita 200. Mwaka ule vijana walikuwa wakitembea kutoka kila pembe ya nchi kuliunga mkono Azimio. Mmoja wao, Seti Benjamini, alifia njiani akitoka Arusha kuja Dar es Salaam.

Safari ya hisani huanza kwa kuomba, na kuomba Kariakoo kunataka uso mkavu. Mtaa wa Kongo kuna muuza vitenge ninayenunua kwake miaka yote. Nilimpelekea daftari la ahadi kabla hajamaliza kupanga doti zake.

"Butiama? Kwa baiskeli? Dada yangu, kama nauli imepungua si useme."

Nikamweleza kwamba watu wanachangia kwa kadiri ninavyosonga mbele, na pesa inaenda kwenye madawati. Akasikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusikiliza bei za wateja. Kisha akauliza jambo ambalo sijapata kulijibu vizuri hadi leo: yeye akitoa pesa hiyo sasa hivi, mimi nikaenda nayo moja kwa moja kwa fundi seremala, nikabaki nyumbani na miguu yangu salama, hilo dawati litakuwa na kasoro gani?

"Bila baiskeli nisingekuja kukuomba," nikamwambia, "na wewe usingekaa kuniuliza."

Akacheka, akaandika jina lake, na mbele ya jina akaweka sharti: pesa itatoka nikishafika Singida, nimpigie simu ya video nikiwa juu ya baiskeli. Mfanyabiashara halipi mzigo ambao haujafika. Sikumlaumu. Katika mji ambao kila mtu yumo kwenye magrupu mawili matatu ya harusi, na katibu wa kamati anakukumbusha ahadi yako asubuhi na jioni, mtu anayeomba pesa ya madawati lazima awe na cha kuonyesha. Bwana harusi anaonyesha bibi harusi. Mimi ninaonyesha jasho.

Mlima wangu wa kwanza uko ndani ya nyumba. Ninakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na baiskeli haiwezi kulala chini ikaamka. Kwa hiyo kila alfajiri naibeba begani kushuka, na kila asubuhi naibeba kuipandisha nikiwa nimeshachoka. Nilipoanza, nilikuwa napumzika kila sakafu, na jirani yangu wa ghorofa ya pili alikuwa akifungua mlango kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Siku hizi anafungua kunisalimia tu. Mapaja hujua ngazi zinachofundisha, na ninathubutu kusema ngazi za Kariakoo, zilizojengwa na watu wenye haraka, kila moja na kimo chake, zinafundisha zaidi ya mashine yoyote ya jimu.

Saa kumi na moja alfajiri, adhana ikiwa imetoka kunyamaza, Kariakoo inakuwa na nafasi ya kupitisha tairi mbili. Si kwamba imelala. Mwanzoni mwa 2025 serikali ilizindua rasmi biashara ya saa 24 hapa, ingawa wapakuaji wa malori hawakuwa wakisubiri uzinduzi; wao usiku ndio mchana wao. Napita nyuma ya soko kuu, lile jengo la mbunifu Beda Amuli lenye paa la miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua, lililofunguliwa 1975 na kuungua Julai 10, 2021, wafanyabiashara wake wakatawanywa kwenye masoko mengine. Nimejifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi, nitaifungua nikishavuka Gerezani. Si kwamba kuna anayenizuia. Ila maneno huwa machache ukiwa na kanga, na alfajiri sina pumzi ya kuwajibu watu.

"Mama, baiskeli ya mzee hiyo?"

"Yangu."

"Hongera!"

Maneno yanayonipata zaidi ni ya rangi. Jezi yangu ya baiskeli ni nyekundu, na Kariakoo nyekundu si rangi ya kuvaa bila kufikiri. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yako Jangwani, na kati ya majengo hayo mawili mtu hatumii hata dakika kumi kwa baiskeli. Upande wa Msimbazi napigiwa makofi, upande wa Jangwani naulizwa nimefungwa ngapi. Nilifikiria kununua ya kijani. Kisha nikaona kwamba kuzomewa nako ni mazoezi.

Walimu wangu wa kweli wa kupanda mlima nimewapata papo hapo, nao ni wasukuma maguta. Ukitaka kuona mwili wa binadamu ukijadiliana na uzito, simama kwenye kona ya Msimbazi na Mkunguni alfajiri. Guta la matairi matatu, sanduku la mbao mbele, ndani marobota ya mitumba au maboksi ya vigae yaliyopanda hadi yanamziba dereva, naye nyuma anakanyaga pedeli akichungulia pembeni. Hana haraka. Hapigi breki isipokuwa kwa lazima, kwa sababu kulisimamisha guta ni kazi, na kuliondoa tena ni kazi mara tatu. Kwa hiyo anapiga kelele tangu mbali: "Mzigo! Mzigo huo!" Na umati, ambao hauwapishi hata wenye magari makubwa, unampisha yeye.

Mmoja wao, kijana mwenye fulana ya Yanga (hakuiacha jezi yangu ipite bila neno), alikuwa akiniona kila mara nikijaribu kupandisha mwinuko mdogo wa daraja la Gerezani. Siku moja alinisubiri.

"Dada, unakanyaga kama unatwanga kisamvu."

"Sasa nifanyeje?"

"Zungusha. Mguu wa juu usiuonee wa chini. Na ukiona mwinuko, anza kazi kabla hujaufikia. Ukingoja ufike, umeshakuwahi."

Nimesoma makala nyingi za wakufunzi wa Ulaya kuhusu mzunguko wa pedeli na mapigo ya moyo. Yote yamo katika sentensi zile nne. Na sishangai zilitoka pale. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, ardhi hii ilikuja kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, watu waliobebeshwa vyakula na risasi kuwafuata Wajerumani kusini, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Kati ya kambi ile na maguta ya leo sijaona pengo. Mahali hapa pamebeba mizigo ya wengine kwa zaidi ya miaka 100. Ukienda mbali zaidi, Goma na vilima vya Kivu Kaskazini, utawakuta wenzao wa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, wakishusha viazi na mkaa mlimani. Mjini Goma wamejengewa hata sanamu. Dar es Salaam sanamu tuliyo nayo ni ya Askari, pale Samora, tangu 1927. Mbeba mzigo wa sasa bado hajapata yake, na kama angepata, nina hakika mgambo wangemtaka aihamishe.

Katikati ya wiki nazunguka mjini. Kutoka Faya naishika Barabara ya Morogoro hadi Posta, nikitumia njia ya baiskeli iliyokuja na mwendokasi mwaka 2016. Nasema nikitumia kwa heshima. Njia ile ilichorwa vizuri, lakini leo ina bodaboda zinazokuja mbele yako, meza za vocha, majiko ya mihogo, na gari la mkubwa lililopumzishwa kwa dakika mbili zisizoisha. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, wamepigia kelele njia salama za baiskeli mjini kwa miaka mingi, na kila ninapolazimika kurukia lami kuu katikati ya daladala nawaelewa zaidi. Nchi inayosifu baiskeli ya kwenda Butiama ingeweza kuanza na baiskeli ya kwenda Posta.

Baada ya Kivukoni, ambako harufu ya Feri inakuamsha hata kama hukupata usingizi, naingia barabara ya ufukweni iliyopewa jina la Obama mwaka 2013. Hapa ndipo Dar es Salaam hunipa mlima wa bure: upepo. Kusi likiwa limeshika, kwenda kaskazini hadi Daraja la Tanzanite ni raha tupu, unajiona bingwa. Kurudi ndiyo habari. Unakuwa umeinama, gia ndogo, mchanga unakupiga meno, na muuza madafu aliyepakia matunda yake nyuma ya baiskeli kwa matenga mawili anakupita polepole bila hata kukutazama. Daraja lenyewe, lililofunguliwa 2022, lina zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji na mgongo wa wastani. Nikalipanda na kulishuka, kulipanda na kulishuka, mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Milima yetu, kwa kifupi, ni ya zege. Mrefu kati ya iliyo karibu nami ni Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa 2018 na kupewa jina la mhandisi Patrick Mfugale. Siku za kazi silisogelei. Malori ya bandarini hayana muda na mtu wa hisani. Jumapili alfajiri linakuwa langu. Kule Kigali, Septemba 2025, Afrika iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na vilima vya mji ule vikawachuja wanaume mpaka wengi wa walioanza hawakumaliza. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeondoka na ushindi. Nilitazama mbio zile kwenye simu, nikaona wivu. Si kwa Pogačar. Kwa Kigali, ambayo kila mtoto wake anayetumwa dukani na baiskeli anapewa mlima bila kuomba.

Lakini upo mlima mmoja wa udongo ambao mtu wa Kariakoo anaweza kuufikia na kurudi kabla ya chakula cha mchana, nao ni Pugu.

Njia ni moja, Barabara ya Nyerere, ile iliyokuwa ikiitwa Pugu Road. Unapita Kamata, unalivuka daraja la Tazara, unauacha uwanja wa ndege, unafika Gongo la Mboto ambako mji unajifanya umekwisha kisha unaendelea. Sambamba nawe, juu ya nguzo, reli ya kisasa. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma, na ikikupita ukiwa na chupa yako ya maji vuguvugu unapata nafasi ya kufikiria upya uamuzi wako. Baada ya Pugu Kajiungeni lami inaanza kuinama kukuelekea. Malori ya ng'ombe yanaelekea mnadani yakikuachia harufu na moshi. Kisha msitu, hewa ya baridi, na vilima vyenyewe, vifupi mno kwa mtu wa Uporoto, karibu mita 300 tu juu ya bahari, lakini kwa miguu iliyokulia Likoma ni Alps.

Napenda kuipanda njia hii nikimkumbuka mwalimu mmoja wa historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Julius Nyerere alikuwa akifundisha katika Chuo cha Mtakatifu Francis, huku Pugu, na shughuli zake za siasa zilikuwa kule mjini, New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1953 alichaguliwa rais wa chama cha TAA. Julai 7, 1954, katika jengo la New Street, TAA ikawa TANU. Wazee wa Kariakoo husimulia kwamba mara nyingi aliikata njia hiyo kwa miguu, kuja vikaoni na kurudi darasani, mpaka 1955 wakuu wa shule walipomtaka achague, naye akaiacha chaki. Ndipo akapokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, Kariakoo, kabla ya kuhamia Magomeni. Wakati ule hapakuwa na lami hii wala vibanda vya maji baridi. Sisi tunaokwenda Butiama kwa jina lake tunapigiwa picha tukiondoka. Yeye aliondoka Jumatatu alfajiri awahi kengele.

Na kuna watu ambao wanaikata njia ileile leo, bila picha. Ninapopanda Pugu, wao wanashuka: wauza mkaa. Baiskeli ni Phoenix nyeusi au jina lolote lililobaki kwenye fremu, nyuma magunia mawili au matatu yaliyosimamishwa na kufungwa kwa mpira wa tairi la ndani, na kwenye mdomo wa kila gunia kichwa cha majani na kamba. Mtu haonekani. Unaona gunia linakuja, chini yake miguu miwili. Wengine breki zimekwisha zamani, wanabana tairi kwa soli ya kandambili mteremko mzima, na moshi wa mpira unawafuata.

Nilikaa na mmoja wao Kisarawe, kwenye kibanda cha chai, yeye akiwa anasubiri mwenzake. Mtu wa umri wangu, au labda kazi ndiyo iliyomleta kwenye umri wangu. Alitazama baiskeli yangu, mtumba wa Japani wenye gia nyingi, akaikagua kwa vidole.

"Hii inabeba magunia mangapi?"

"Haibebi. Ni ya kuendesha tu."

"Kwenda wapi?"

"Butiama. Mkoa wa Mara."

Akakaa kimya, akipiga hesabu. "Wanakulipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia hakuna anayelipwa. Mimi ndiye ninayetafuta watu watoe, pesa ziende shuleni, na tutapanda miti njiani. Alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Basi mama, mimi nafanya hisani tangu sijaoa."

Tukacheka wote, kisha akauliza kwa upole tu, bila kejeli, kama madawati haya yanaweza kupita upande huu, maana mwanawe wa darasa la tatu anakaa wanne kwenye dawati moja na wa ukingoni huandikia magotini. Nikamwuliza jina la shule, nikaliandika kwenye daftari, ukurasa wa nyuma wa ahadi. Sikumwahidi, kwa sababu njia ya msafara haiipangi mtu mmoja mwenye jezi nyekundu.

Suala la miti nalo halikupita kirahisi. Msitu wa Pugu na jirani yake Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani yenye mimea isiyopatikana kwingine, na miaka nenda rudi umekuwa ukiliwa na mkaa. Mkaa ule mwishoni unafika wapi? Unafika Kariakoo. Unafika kwenye jiko langu la ghorofa ya nne, siku mtungi wa gesi ukiisha kabla ya mshahara. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi kubwa zimeshaanza kukatazwa kuni na mkaa. Nalitakia heri lengo hilo. Ila kuna mtu aliye katikati ya lengo na msitu, naye yuko juu ya baiskeli isiyo na breki, na katika hotuba za kupanda miti sijasikia akitajwa ila kama mharibifu. Mimi nitapanda miche michache nikipigwa picha, nikirudi nimnunulie gunia. Hilo nalijua na bado nitakwenda, kwa sababu madawati yatakaliwa na watoto hata kama mwendeshaji ana mikono michafu.

Mwenzake alipofika, waliondoka pamoja, nikawafuata nyuma kwa heshima. Nilikuja Pugu kujifunza kupanda. Kilichonitia hofu ni kushuka. Mtu mwenye kilo zaidi ya mia mgongoni mwa baiskeli hana ruhusa ya kubadili mawazo katikati ya mteremko. Niliona anavyoachia kidogo, anabana kidogo, anaachia, hafiki kabisa kwenye kasi ambayo asingeweza kuirudisha. Mimi nilikuwa nikibana mfululizo, kwa woga, na nilipofika Gongo la Mboto ringi ya mbele haikushikika kwa moto.

Hiyo ndiyo sababu mchana ule sikupanda ngazi. Nilikwenda kwa fundi wangu, kichochoroni nyuma ya Uhuru, mzee anayefanya kazi juu ya kipande cha boksi na kopo la solushini. Amezitengeneza zote: Raleigh za Mwingereza, Hero za Mhindi, na Swala, zile zilizotengenezwa hapahapa nchini na kiwanda cha NABICO, ambazo akizitaja sauti yake hubadilika. Kabla ya baiskeli alikuwa utingo wa malori ya Mwanza, enzi ambazo Dodoma hadi Singida ilikuwa vumbi na sala.

Alizitoa raba za breki akanionyesha zilivyong'aa. "Zimeungua. Hizi Pugu zimekuua, Sekenke zitakuzika."

"Weka mpya. Na bei unifikirie, mzee wangu, ni safari ya hisani."

"Hisani ni yako. Breki ni zangu." Hakupunguza hata mia. Akafunga raba mpya, akabadilisha waya wote wawili, akaongeza gia ya nyuma yenye meno mengi kwa ajili ya Manyoni, akaizungusha pedeli kwa mkono huku akiisikiliza cheni. Nilipompa pesa aliihesabu, akaniuliza tutapita Sekenke saa ngapi. Nikamwambia huenda mchana.

"Mkifika Misigiri, kabla ya mlima, simama. Wenzako wakisema twende, waache waende. Shika breki, shika ringi, tazama waya. Katikati ya mteremko simama tena, ushike ringi kwa mkono. Ikikuchoma, kaa pembeni unywe maji."

"Na nikimaliza kunywa ikawa bado inachoma?"

"Kunywa mengine," akasema, akaita mteja aliyefuata.